Mama na Makopo Yake

OPERETA: Lushoto, simu yako ya Tanga hii. Tanga, ongea.

YUDITH: Haloo? Haloo, Lushoto?

RAHABU: Haloo. Nani mwenzangu huko?

YUDITH: Mimi.

RAHABU: Hata mimi ni mimi.

YUDITH: Yudith. Mke wa mdogo wako. Rahabu, si umeitwa hapo stendi, dukani kwa Mzee Rajabu, ili uongee na mimi? Unamtegemea nani mwingine?

RAHABU: Sauti nimeijua. Nilikuwa nangoja kama italeta na shikamoo. [laini inakwaruza] Au nayo imeadimika huko Tanga, kama sabuni?

YUDITH: Shikamoo, wifi.

RAHABU: Marahaba. Haya, sasa ni watu wawili wanaongea. Hamjambo? Watoto?

YUDITH: Hatujambo. Yohane yuko safari ya kazi, nimeomba simu ya ofisini kwake. Wifi, Mama amefika?

RAHABU: Mama nani?

YUDITH: Mama yenu. Mama mkwe wangu.

RAHABU: Amefika jana jioni. Yeye na magunia ya makopo. Utingo alidhani ni familia nzima inahama.

YUDITH: Mrudishe.

RAHABU: Sikusikii. Nimesikia kama umesema mrudishe.

YUDITH: Ndivyo nilivyosema. Apande basi la Tanga kesho asubuhi, nitampokea stendi mimi mwenyewe.

RAHABU: Yudith. Mwezi uliopita ulinitumia salamu kwa dereva wa lori la kabichi, kwamba nije nimwondoe mama yangu kabla hajageuza nyumba yako jalala. Salamu imepita kwa dereva, kwa tandiboi, kwa wanawake wote wa sokoni, ndipo ikanifikia mimi.

YUDITH: Nilisema ghala. Sikusema jalala.

RAHABU: Ghala la nini?

YUDITH: La takataka.

RAHABU: Ahaa.

YUDITH: Wifi, usinifanye mimi mbaya. Wewe hujaishi naye kwenye nyumba za serikali, watu wamepakana ukuta kwa ukuta. Kopo la maziwa likiisha, ameliosha. Chupa ya wino, kibatari. Sweta la Yohane limechanika kiwiko, kesho yake amelifumua lote, anafuma kofia za watoto kwa spoku za baiskeli. Kofia za sufu, wifi. Tanga. Mika amevaa kofia ya sufu kwenye jua la Tanga mpaka ametoka vipele.

RAHABU: Mama ni mtu wa Mtae, huko milimani. Kwake baridi iko kila mahali.

YUDITH: Na kaptula. Amemshonea Mika kaptula ya gunia la unga. Anakwenda nayo shule, kwenye makalio imeandikwa kilo hamsini.

RAHABU: Kwani dukani kwenu vitambaa vipo?

YUDITH: Havipo.

RAHABU: Basi mtoto alikuwa aende shule na nini? Na heshima yako?

YUDITH: Unaona? Unaona unavyoongea? Mimi nakupigia kwa wema—

RAHABU: Wewe hujawahi kunipigia kwa wema tangu uolewe. Sema shida yako. Basi la Mtae linaondoka saa nne hii, na mzigo wa Mama uko juu tayari. Anakwenda kwake, kwa mwanawe Nathanaeli. Huko hakuna simu, na basi likipanda huko leo, hujui litashuka lini.

YUDITH: Leo hii? Asipande. Mzuie asipande.

RAHABU: Kwa nini?

YUDITH: Kwa sababu ya Jumamosi.

RAHABU: Jumamosi kuna nini?

YUDITH: [anashusha sauti] Kuna maonyesho.

RAHABU: Paza sauti, laini hii ni kama inakaanga mbaazi.

YUDITH: Maonyesho. Ya kujitegemea. Kina mama wa matawi yote ya mjini. Si tumeambiwa tufunge mikanda? Kila tawi linaonyesha namna mama wa nyumbani anavyobana matumizi, vitu vya zamani kuvipa kazi mpya. Kamati ilipita nyumba kwa nyumba kuangalia. Ikapita na kwangu.

RAHABU: Kwenye ghala la takataka.

YUDITH: Bi Fatuma mwenyekiti akaingia, akaona kibatari, akaona mapazia ya gunia, viatu vya tairi vya Mika. Akatoka uani akaona lile jiko la debe. Wakalizunguka wote kama wameona gari. Maharage yalikuwa juu yake tangu asubuhi, moto haujaongezwa hata kijiti. Bi Fatuma akaniuliza, haya yote kafanya nani?

RAHABU: Ukasemaje?

YUDITH: [laini inakwaruza]

RAHABU: Yudith, laini haijakatika. Nasikia unavyopumua.

YUDITH: Nikasema ni mimi.

RAHABU: Wewe.

YUDITH: Ilitoka tu. Watu wamenizunguka, wananiita mama mfano, nifanyeje? Sasa nyumba yangu ndiyo imechaguliwa kwa tawi letu. Jumamosi uwanjani, mbele ya mgeni rasmi, nitengeneze jiko lile kwa mikono yangu, mwanzo mpaka mwisho, niliwashe, nipike chai mgeni anywe. Na Yohane jina lake liko mezani kwa huyohuyo mgeni rasmi, anatafutiwa cheo. Likishindikana, mimi ni mwongo na yeye ni mume wa mwongo.

RAHABU: [anacheka polepole]

YUDITH: Cheka. Nilijua utacheka.

RAHABU: Sicheki. Nakohoa. Wewe uliyekuwa unakamata sufuria ya Mama kwa kitambaa, kama imetoka hospitali.

OPERETA: Dakika tatu zimekwisha. Tanga, unaongeza?

YUDITH: Ongeza. Ongeza, kaka.

OPERETA: Ongea.

RAHABU: Na ulitaka Mama afanye nini hapo uwanjani? Akae chini ya meza akunong'oneze?

YUDITH: Alitengeneze usiku wa kuamkia Jumamosi, nyumbani, nimwangalie. Mara moja tu. Nikiona mara moja nitashika.

RAHABU: Umekaa naye tangu mwaka jana. Hukuona?

YUDITH: Nilikuwa nafunga dirisha la uani.

RAHABU: Kwa nini ulifunga?

YUDITH: Wifi, tuache hayo. Nilijaribu mwenyewe jana, alipoondoka. Nimechukua debe, nimetoboa ubavuni kwa chini. Nimekwenda kwa mafundi seremala nikapewa unga wa mbao gunia zima. Nikasimamisha chupa katikati, nikamwaga ule unga pembeni mpaka juu. Nikavuta chupa, tundu likabomoka. Nikarudia, likabomoka. Mara ya tatu nikawasha hivyohivyo.

RAHABU: Likawaka?

YUDITH: Likatoa moshi. Majirani wakaja na ndoo za maji. Mama Zuhura akanimwagia hata mimi.

RAHABU: Mungu wangu. Ulimwaga tu? Hukushindilia?

YUDITH: Kushindilia namna gani?

RAHABU: Yudith, mtoto wa Kishambaa anayeishi karibu na mashine ya mbao analijua hilo jiko kabla hajajua kufunga kifungo. Unamwaga kidogo, unashindilia kwa mti kama unatwanga, unamwaga tena, unashindilia. Mpaka ukibonyeza kidole kisizame. Na kile kijiti cha chini umekiweka?

YUDITH: Kijiti gani?

RAHABU: Anauliza kijiti gani. Kinalala kwenye lile tundu la ubavuni, kinagusa kitako cha chupa, ndiyo njia ya upepo. Sasa ulitaka moto uvute pumzi kwa wapi, kwa sala?

YUDITH: [polepole] Kijiti, kinagusa kitako cha chupa. Halafu chupa?

RAHABU: Chupa unailowesha maji kwanza. Hukuilowesha? Mwisho hauivuti kama unang'oa muhogo, unaizungusha huku unaipandisha, inatoka yenyewe, na kijiti nacho unakitoa. Tundu linabaki limesimama. Wewe umekwenda kuvuta chupa kavu kwenye unga uliomwagwa ovyo, halafu unanipigia simu ya mbali. Kweli kitu hicho kinahitaji mama wa watu apande basi?

YUDITH: Unaizungusha upande gani?

RAHABU: Upande wowote, si kitasa. Na moto unawasha kwa chini, karatasi kidogo tu. Usiweke mafuta, utaunguza hizo nyusi zako.

YUDITH: Haya. Haya, wifi. Na kwako yukoje? Amelala vizuri?

RAHABU: Amelala? Yeye analala? Mimi ndiye sijalala. Nyumba yangu nzima inalia makopo. Ukigeuka, kopo. Ukinyoosha mguu chini ya kitanda, kopo. Alfajiri nimeamka, nakuta mwavuli wangu umevuliwa nguo.

YUDITH: Umevuliwa?

RAHABU: Kitambaa chote. Vyuma viko mezani vimelala kama mifupa ya kuku. Namwuliza, Mama, mwavuli wangu? Ananionyesha begi. Anasema mwavuli ulikuwa unavuja.

YUDITH: Ulikuwa unavuja?

RAHABU: Kidogo.

YUDITH: [anacheka] Na vile vyuma atafanyia nini?

RAHABU: Vya kufumia, si amewaachia ninyi zile spoku? Na mvua hii ya Lushoto, nimeteremka mpaka hapa nimejifunika gazeti. Nikamwambia, Mama, lile begi basi nijifunike. Anasema begi litalowa.

YUDITH: [anacheka sana] Wifi, pole. Kumbe unaelewa.

RAHABU: Naelewa nini sijui. Nimempakia mzigo kwenye basi mimi mwenyewe, kabla dereva hajanawa uso.

YUDITH: Yule mama, akiona kaburi lina msalaba wa bati ataung'oa afanyie kikwaruzo. Mimi nilimwambia Yohane, mama yako si mzima kichwani, hii si kubana matumizi, hii ni maradhi ya watu wa huko juu, watu waliozaliwa kwenye—

RAHABU: Ngoja.

YUDITH: Nasema tu—

RAHABU: Ngoja kwanza. Nani si mzima?

YUDITH: Si ni wewe sasa hivi umesema—

RAHABU: Mimi ni mimi. Yule amenizaa, nikimsema namsema kwa haki yangu. Wewe haki hiyo umeipata wapi? Kwenye lile kochi lako? Ambalo Mama hajawahi kulikalia?

YUDITH: Nani kasema hajakalia? Alikuwa hapendi tu, anasema linazamisha.

RAHABU: Nikuulize kitu. Bi Fatuma na kamati yake walipokuja, Mama alikuwa wapi?

YUDITH: Alikuwepo.

RAHABU: Wapi?

YUDITH: Jikoni. Uani.

RAHABU: Alijiweka mwenyewe?

[laini inakwaruza]

YUDITH: Nilimwomba. Alikuwa amevaa lile gauni lake la viraka, wifi, wageni wenyewe—

RAHABU: Na walipofika uani kuangalia jiko, wakamkuta. Wakauliza, huyu ni nani? Ulijibuje?

YUDITH: Amekwambia?

RAHABU: Nakuuliza wewe.

YUDITH: Kama amekwambia unaniuliza nini?

RAHABU: Nataka kusikia linavyotoka.

YUDITH: Nilisema— Nilisema ni mzee mmoja, ametoka milimani.

RAHABU: Mzee mmoja.

YUDITH: Nilikuwa nimeshasema jiko ni langu. Ningesema ni mama mkwe wangu, si wangemwuliza yeye? Si wangejua?

RAHABU: Mzee mmoja. Kama aliyepita kuomba maji. Na yeye anachochea maharage ya wanao.

YUDITH: Hakusema kitu. Wageni walipoondoka alikula vizuri, akaosha vyombo. Kesho yake nikaamka amefunga magunia. Nikadhani—

RAHABU: Ulidhani nini? Ulishukuru. Ulimsindikiza?

YUDITH: Nilikuwa na rundo la nguo za kufua.

RAHABU: Hata nguo hizo ulikuwa unazifulia majani ya mpapai aliyokuchumia yeye. Sabuni huna, aibu huna.

OPERETA: Tanga, dakika zimekwisha.

YUDITH: Ongeza mara ya mwisho.

OPERETA: Ya mwisho kweli, kuna watu wanasubiri laini.

RAHABU: Mwache aongeze, nimemwekea akiba. Unajua Mama alisema nini jana, nilipomwuliza kama atarudi Tanga? Alisema, kule nilikuwa mzee mmoja, na wazee Tanga ni wengi, wachukue mwingine. Basi. Akaomba uzi.

YUDITH: Yuko hapo? Ananisikia?

RAHABU: Yuko mlangoni kwenye benchi. Wewe hakusikii, ni mimi anayenisikia, kwa laini hii napiga kelele kama nauza nyanya. Anamwomba Mzee Rajabu kopo la kahawa lisilo na kahawa.

YUDITH: Wifi, basi, labda asisumbuke. Kama amechoka na safari. Aende tu Mtae akapumzike.

RAHABU: Loo. Dakika chache zilizopita ilikuwa mzuie asipande.

YUDITH: Nilikuwa nimechanganyikiwa. Nimefikiri, umri wake, mabasi haya...

RAHABU: Umefikiri chupa. Nimekupa kijiti na chupa iliyoloweshwa, sasa mama wa watu ana umri. Mimi mjinga, nimemfundisha mwizi kufungua mlango.

YUDITH: Usiniite mwizi. Nyumba yangu imemlisha.

RAHABU: Imemlisha? Yeye ndiye ameilisha. Mshahara wa Yohane unaishia kwenye vitambaa vya kochi. Sikiliza, Yudith, na usikie vizuri. Mama yangu hana haja na nyumba ya serikali. Kwangu ni padogo, ni pa udongo, lakini nafasi ya mama ipo. Kwangu atakaa hata miaka kumi. Na makopo yake yote. Na akitaka mengine nitamwokotea mimi mwenyewe, nitayabeba kichwani barabara kuu, watu waone. Mimi sioni aibu ya mama yangu. Umesikia?

YUDITH: Nimesikia. Nafikiri na Korogwe wamesikia.

RAHABU: Na wasikie.

[honi ya basi]

YUDITH: Hiyo ni nini?

RAHABU: Basi la Mtae, linaita abiria. Ngoja nimwambie— Issa anafanya nini kule juu?

YUDITH: Issa nani?

RAHABU: Utingo. Anashusha— Issa. Issa wee, hayo magunia ni ya Mama, yaache hukohuko, anasafiri. [sauti ya mbali, haisikiki] Nani kakwambia ushushe?

YUDITH: Wifi?

RAHABU: Anasema Mama amemwambia. Yote.

YUDITH: Kwa nini?

RAHABU: Ngoja. Mama. Mama, basi ndilo hilo, Nathanaeli anakusubiri, nimeshampelekea habari. Nini? Sema tena. [anasikiliza]

YUDITH: Anasemaje?

RAHABU: Anasema amesikia.

YUDITH: Amesikia nini?

RAHABU: Miaka kumi.

[Yudith anaanza kucheka, anajizuia, anacheka]

RAHABU: Usicheke.

YUDITH: Sicheki. Nakohoa.

RAHABU: Mama, mimi nilikuwa nasema na huyu, ni mazungumzo tu— Yudith, anatabasamu. Ametoka mlangoni, amekaa juu ya gunia katikati ya stendi, anatabasamu. Sijamwona hivyo tangu Baba tumzike. [honi, mngurumo unakwenda mbali] Limeondoka. Mtae imeondoka.

YUDITH: Hongera, wifi. Umepata mgeni.

RAHABU: [anashusha sauti] Wifi. Wifi yangu. Hiyo Jumamosi yenu inaanza saa ngapi?

YUDITH: Sikusikii, paza sauti.

RAHABU: Siwezi kupaza. Nasema, lile jiko, chupa peke yake haitoshi. Kuna na mambo mengine, mkono wake mwenyewe, mimi nimekwambia kwa juujuu tu. Utaharibikiwa mbele ya mgeni rasmi. Basi la kesho asubuhi lipo. Namweka kwenye simu sasa hivi, umwombe radhi, neno moja tu, mwite mama. Atakubali. Ukimwita mama atakubali.

YUDITH: Nimtoe mahali alipopata nafasi?

RAHABU: Yudith, nina chumba kimoja na sebule.

YUDITH: Na barabara kuu. Si umesema utayabeba kichwani?

RAHABU: Nilikuwa na hasira.

YUDITH: Mimi nina unga wa mbao wa kushindilia. Msalimie mzee wako. Kwaheri, wifi.

RAHABU: Ngoja. Yudith, ngoja kwanza, hata wiki mbili tu, mpaka basi la Mtae lirudi— Haloo? Haloo, Tanga? Opereta, umekata. Ongeza, opereta.

OPERETA: Sikukata mimi, mama. Tanga ameweka chini.

RAHABU: Ameweka chini.

OPERETA: Ndiyo. Uweke na wewe, laini inasubiriwa.

RAHABU: Ngoja kidogo. Ndiyo, Mama, nimemaliza. Lipi? Lile pipa lililotoboka? Mzee Rajabu amesema tulichukue? Hapana, Mama, usiinue. Ukae hivyohivyo. Nakuja kulibeba.